Mlinzi wa Kijito cha Kanyamaizi

Msimu wa senene ukungu huingia Irembo bila kubisha hodi. Huanzia ziwani kabla ya jua, ukapanda milima ya Muleba taratibu, ukafunika mibuni na migomba na mapaa ya nyasi, mpaka jirani akikusalimu unaisikia sauti tu, mwenyewe humwoni.

Kokushubila aliupenda ukungu huo kuliko jua. Wasichana wenzake waliuogopa, nao walikuwa na sababu, maana hakuna mtoto wa Irembo asiyejua kilichoko ng'ambo ya kijito cha Kanyamaizi. Jua likiwaka, ng'ambo ile ni rweya tu, nyasi tupu zinazolala na kuamka kwa upepo. Ukungu ukishuka, pale pale panakuwa na nchi. Ina miti mirefu, ina njia, ina moshi wa mekoni, na ina watu. Watu wa Ukungu ni warefu, masikio yao yamechongoka juu kama ncha ya jani la mbuni, na uzee hauwajui, wala miaka hawaihesabu. Mpaka wa nchi yao ni kile kijito, na kijito kina walinzi. Amri ya walinzi ni moja tangu enzi na enzi: wa huku asiingie, wa kule asitoke.

Mlinzi mmoja aliitwa Mujuni, na Kokushubila alimpenda.

Ilianza msimu uliopita. Alikuwa akikamata senene, wale panzi wa kuliwa, kwenye rweya ya huku alfajiri, ameinama, hana habari na dunia, mara akahisi maji baridi kwenye kidole cha mguu.

"Rudi nyuma, binti," sauti ikasema. "Mguu wako mmoja umeshaingia nchi isiyo yako."

Aliinua macho. Hatua chache mbele yake alisimama kijana aliyeshika mkuki, joho lake la rangi ya majivu likichuruzika umande. Macho yake yalikuwa na rangi ya asali ya msituni. Kokushubila alitaka kukimbia, lakini kikapu kilikuwa kimemponyoka na kuangukia upande wa pili.

"Na senene wangu je?" akauliza. "Au nao wamekuwa wa kwenu?"

Yule mlinzi akakitazama kikapu, akamtazama yeye. Kisha akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Akainama, akaokota senene mmoja mmoja, akawarudisha kikapuni, akakining'iniza kwenye ncha ya mkuki na kumfikishia ng'ambo ya maji. Mikono yao haikugusana. Haikugusana siku ile, wala mwaka mzima uliofuata. Walipendana kijito kikiwa katikati, yeye ameketi kwenye jiwe la huku, Mujuni amesimama kule, wakizungumza mpaka jua lipande, na nchi yote, pamoja na Mujuni ndani yake, iyeyuke mbele ya macho yake.

Sasa senene walikuwa wameanza kuanguka tena. Asubuhi hiyo Mujuni hakusimama mahali pake pa kawaida. Alikuwa ameshashuka mpaka ukingoni, na maji yalikuwa yakimgusa viatu.

"Leo nitakwenda kwa baba yako," akasema.

"Utavukaje? Si ulisema mlinzi akivuka—"

"Mlinzi huruhusiwa kuvuka kwa amani, mradi arudi kabla ukungu haujainuka. Ukungu ukimwacha nje, njia ya kwao haioni tena. Atakuwa mtu wa huku, atazeeka kama watu wa huku." Akatabasamu kidogo. "Nimeomba ruhusa. Nimepewa. Nimechoka kukupenda kwa sauti tu, Koku."

"Baba yangu atakataa."

"Hajaniona."

"Ndiyo maana nasema. Akikuona ndiyo atakataa kabisa."

Alivuka. Maji yalimfika vifundoni tu, kijito chenyewe ni chembamba namna ile. Lakini Kokushubila alimwona akivuta pumzi kabla ya kukanyaga nyasi za upande wa pili, kama mtu anayeingia kanisani kwa mara ya kwanza. Alinyoosha mkono. Kokushubila akaushika. Ulikuwa na baridi ya umande, na ndani ya ile baridi mlikuwa na joto. Wakatembea hivyo mpaka wakaifikia migomba ya kwao.

*

Mzee Mutalemwa, mzee wa kanisa la Kilutheri na mwenye kibanja cha migomba na kahawa kinachosifiwa Irembo nzima, alikuwa ameketi mlangoni akitafuna punje za kahawa kavu. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Alipoona binti yake anatokea kwenye ukungu, na nyuma yake mtu anayelazimika kuinama ili apite chini ya majani ya migomba, aliacha kutafuna.

"Nasalimu wenye mji, waitu," alisema Mujuni kwa heshima, akapiga goti. Kihaya chake kilikuwa cha zamani, cha namna ambayo Mutalemwa hakuwa ameisikia tangu bibi yake azikwe.

Penina, mama yake Kokushubila, alitoka mekoni na mwiko mkononi. Akayaona yale masikio. Mwiko ukamponyoka. Lakini mgeni ni mgeni. Akaingia ndani, akatoka na chai kwenye kikombe chenye picha ya malkia mpya wa Waingereza, kile ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuruhusiwa kukitumia.

"Karibu," akasema kwa sauti ndogo, na kumtazama mumewe. Mutalemwa hakusogeza kikapu cha kahawa. Hakumpa mgeni hata punje, ingawa mgeni yeyote hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna.

"Sema kilichokuleta."

"Nimekuja kumwomba Kokushubila, waitu."

"Wewe ni wa ukoo gani?"

"Sina ukoo mnaoujua. Kwetu mlinzi huitwa kwa zamu yake. Mimi ni wa Zamu ya Alfajiri."

"Umebatizwa?"

Mujuni alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mvua imeninyeshea tangu kabla babu yako hajazaliwa. Sijui kama inatosha."

Penina alijiziba mdomo na pembe ya khanga. Kokushubila aliona mabega ya mama yake yakitikisika, akapata tumaini kidogo. Tumaini hilo halikudumu, kwa sababu baba yake alikuwa amesimama.

"Koku, ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini sina ndugu. Nikakwambia nilikuwa na dada, akafa. Si kweli." Alimnyooshea Mujuni kidole. "Huyu na wenzake wanamjua. Anaitwa Alistidia. Vita vya Mjerumani havijaisha, mimi ni mtoto mdogo, na aliyekuwa akinibeba mgongoni ni yeye. Asubuhi moja ya ukungu, kama hii ya leo, akamfuata mlinzi mmoja wa kwenu. Aliingia kule akicheka! Nilimfuata nyuma mpaka kwenye lile jiwe la kijitoni. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Leo umekuja kunichukulia na mtoto?"

Mwaka mzima Kokushubila alikaa juu ya jiwe hilo hilo, na baba yake hakuwahi kukanyaga kijitoni. Sasa alijua sababu.

"Namfahamu Alistidia," Mujuni akasema polepole.

Mutalemwa alishika mwimo wa mlango.

"Huja mtoni kila msimu wa senene. Anapendwa kule, mumewe ni mtu mwema, hakosi kitu. Lakini huja. Hutuomba tumvushe. Huuliza kama kuna anayemlea mdogo wake."

"Na ninyi humjibu nini?"

"Humrudisha." Mujuni hakuinamisha uso. "Mimi mwenyewe nimemrudisha, zaidi ya mara moja. Ndiyo amri, waitu. Aliyeingia hatoki."

Mutalemwa alikaa chini kama aliyesukumwa. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilitisha kuliko ile ya kwanza.

"Basi nisikilize, mlinzi. Nirudishie dada yangu. Siku utakayomleta, uje uniombe binti. Kabla ya hapo usilitaje jina la Koku."

"Baba!" Kokushubila akapiga magoti. "Hujui unachokiomba. Mlinzi anayemtoa mtu hunyang'anywa mkuki, hufungiwa ndani kabisa ya nchi yao. Hatauona mpaka tena. Hataniona tena!"

"Na mimi dada yangu nimemwona?"

Kibanjani, kilele cha mgomba mmoja kilianza kuonekana. Ukungu ulikuwa ukiinuka. Mujuni alimaliza chai yake yote, akakirudisha kikombe kwa Penina kwa mikono miwili, akamshukuru. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimtazama Kokushubila kwa muda mrefu, kama msafiri anayetazama nyumba ili akiwa mbali aweze kuikumbuka hata rangi ya mlango wake, kisha akageuka na kwenda mbio kijitoni.

*

Baada ya hapo jua likawaka. Likawaka siku baada ya siku, jua kali lisilo la msimu, anga safi mpaka ukiwa juu mlimani unakiona kisiwa cha Goziba kimelala ziwani. Watu walifurahi, wakaanika kahawa. Kokushubila alikwenda kwenye jiwe lake kila asubuhi na kukuta rweya tupu. Aliita, akajibiwa na ndege.

Nyumbani hakusemeshana na baba yake. Alimpa chakula kwa magoti, akaondoka. Mutalemwa naye alikula kidogo.

"Tutakupeleka Buhembe kwa mama yako mdogo," Penina akamwambia mekoni, wakimenya ndizi. "Ukapumzike. Mji unasahaulisha."

"Mae, wewe ungemsahau baba?"

Penina alimenya ndizi tatu nzima kabla hajajibu. "Nilipoolewa, bibi yako aliniambia baba yako ni mtu mgumu. Nikasema sawa, nitamlainisha." Akacheka kwa huzuni. "Yule kijana alimaliza chai. Uliona? Amefukuzwa, na chai akaimaliza. Mimi huyo ningempa mtoto."

Kokushubila akaegemea bega la mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalia.

Ukungu ulirudi Jumapili. Ulishuka mzito, mweupe, hata kengele ya kanisa ilisikika kana kwamba inapigwa chini ya maji. Kokushubila alikuwa amevaa gauni la ibada. Hakwenda kanisani. Alishuka bondeni akikimbia, viatu mkononi, na alipofika kwenye jiwe alikuta mtu ameshakaa.

Alikuwa baba yake, na suti yake ya Jumapili, Biblia mapajani.

"Nimekuja tangu kulipopambazuka," Mutalemwa akasema bila kugeuka. "Sijui nilikuja kufanya nini."

Kokushubila akakaa kando yake. Mbele yao ile nchi ilikuwa ikijichora polepole: kwanza miti, kisha njia kati ya miti, kisha watu wawili wakija kwenye njia hiyo. Mmoja alikuwa mrefu, ameshika mkuki. Mwingine alikuwa mwanamke aliyevaa nguo ya lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo Irembo walikuwa wameacha kuivaa zamani, na alikuwa akitembea kama mtu anayeogopa kuamka.

Walifika majini. Mujuni akampa mkono, akamvusha.

Mwanamke yule alikuwa binti bado. Alikuwa na uso wa Kokushubila, paji lile lile, shavu lile lile, na umri ule ule. Miaka yote hii haikuwa imeweka hata kunyanzi moja juu yake. Alimwona mzee mwenye ndevu za mvi amesimama mbele yake, akaanguka miguuni pake.

"Tata," akasema. "Tata, nimerudi. Unisamehe."

Mutalemwa aliinama, akamshika mabega. "Mimi si tata," akasema. "Baba yetu alishafariki. Mimi ni Mutalemwa."

Yule binti akainua uso. "Mutalemwa ni mtoto. Nimemwacha mlangoni, anakula senene."

"Ndiye mimi, dada."

"Hapana. Mutalemwa ana kovu hapa, aliungua na—"

Mutalemwa akapandisha mkono wa koti lake la Jumapili. Alistidia alilitazama kovu. Akaligusa. Kisha, akiwa na mikono ya msichana, akamvuta yule mzee wa kanisa kifuani pake, akamgeuza kichwa na kukilaza begani kama mtu anayebembeleza mtoto alale, na Mutalemwa akalia kwa sauti, bila aibu, pale kijitoni.

Kokushubila alikuwa akilia pia, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo. Kwa sababu Mujuni alikuwa amerudi upande wake, na ndani ya miti pembe za walinzi zilikuwa zimeanza kulia, moja, ya pili, zikiitikiana.

"Wamejua?" akauliza.

"Wamejua. Wanakuja."

"Kwa nini umerudi upande huo? Vuka!"

"Nimepewa ruhusa ya kuvuka kwa amani, Koku, nami nimeitumia kumtoa mtu. Siwezi kuvuka mara ya pili kwa hila. Nikivuka sasa, nakuja moja kwa moja, sirudi." Alikuwa akihema. "Na sitakuja bila kuitwa. Nimemleta Alistidia kwa sababu alilia mbele yangu misimu mingi nami nikajifanya sisikii. Sikumleta ili ninunue mke. Baba yako asidhani ananidai, wala wewe usidhani."

Mutalemwa alijitoa mikononi mwa dada yake, akajifuta uso. Alitazama ile miti, akawatazama vijana wale wawili.

"Mlinzi," akasema. "Mujuni. Mimi nimemaliza. Aliyebaki ni mwenyewe binti. Mwulize yeye."

Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Juu ya vilele vya miti anga lilishaonyesha rangi ya buluu. Kokushubila alishuka majini, akasimama katikati ya kijito, pindo la gauni la Jumapili likilowa.

"Sitakudanganya," akasema. "Huku kuna homa. Kuna miezi ya njaa. Baba yangu anakoroma, na nyumba yetu ni ndogo. Utaota mvi. Mgongo utakuuma ukipalilia. Siku moja utakufa, Mujuni, au nitakufa mimi kwanza na utabaki peke yako na uzee wako." Machozi yalimtiririka lakini sauti haikuvunjika. "Sina kitu kingine cha kukupa. Hayo ndiyo niliyo nayo. Ukiyataka, njoo."

Pembe zikalia karibu kabisa. Mujuni aliuchomeka mkuki wake ukingoni, wima, kama anavyouacha mlinzi aliyemaliza zamu. Akaingia majini. Alipofika kwa Kokushubila alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaegemeza paji lake la uso juu ya lake, na wakabaki hivyo, wakipumua pumzi moja, huku maji yakipita kati ya miguu yao. Kisha wakatoka, upande wa Irembo.

Baridi ilimpiga pale pale. Kokushubila alimhisi akitetemeka, mtu ambaye hakuwahi kujua baridi ni nini. Alistidia akavua lubugo ya mabegani, akamfunika nayo.

Ndipo waliposikia sauti. Haikuwa ya walinzi. Ilikuwa ya mwanamke, inatoka ndani ya ukungu uliokuwa ukichanika, mbali kidogo, inakimbia.

"Mujuni! Mwanangu! Mujuni, uko wapi?"

Mujuni aligeuka. Akapiga hatua moja kuelekea majini, akasita. Mkono wake ndani ya mkono wa Kokushubila ulikuwa mzito kama jiwe, na Kokushubila akaelewa, wakati huo na si kabla, alichokuwa amemchukulia mtu asiyemjua.

Akarudi mpaka ukingoni. Akaweka viganja mdomoni.

"Mae!" akaita kwa nguvu zake zote. "Mae, yuko hapa! Yuko kwangu! Naitwa Kokushubila!"

Miti ilikuwa imeshabaki vivuli tu.

"Atakula, mae!" akaita tena, na sasa sauti ilimvunjika. "Atalala pazuri! Sitamwacha peke yake!"

Ukungu ukawa mwembamba kama pazia. Kwa kitambo kidogo Kokushubila alimwona: mwanamke mrefu, mkono kifuani, amesimama kwenye njia. Jibu lilipokuja lilikuwa la chini, kama la mama anayezungumza na jirani juu ya ua.

"Hupenda kulala bila kujifunika miguu," yule mama akasema. "Umfunike."

"Nimesikia, mae," Kokushubila akajibu. "Nitamfunika."

Jua likatoka. Ng'ambo ya kijito palikuwa na nyasi tu.